Batuli, Mkagua Vinywa wa Atbara

Pale Atbara, wanaume walipomwona Batuli anakuja, walifumba midomo. Si kwamba walimchukia. Wengi wao alikuwa amewashikia kichwa daktari akiwang'oa magego, na hakuna aliyesahau wema ule. Ila walijua kwamba mwanamke yule mrefu, aliyejitanda thobu ya buluu toka kichwani, na mfuko wa turubai begani, hawezi kusalimiana na mtu akaishia hapo. Lazima atasema, "Hebu panua nione." Na nyuma ya mdomo wa chini walikuwa na kitu ambacho hawakutaka akione.

Kitu chenyewe ni ugoro. Tumbaku huletwa kutoka magharibi, ikasagwa, ikachanganywa na maji ya magadi, ikafunikwa ivunde mpaka harufu yake imkate mtu pumzi. Mwenye kutaka huchota, akaviringa kidonge kwa vidole, akakipachika baina ya mdomo na ufizi, akatulia nacho. Mafundi wa karakana ya reli walibwia kabla ya kushika nyundo. Walimu walibwia wakingoja kengele. Mgeni aliyebisha hodi alisogezewa kikopo cha ugoro na maji ya kunywa yakiwa bado njiani.

Batuli aliingia zahanati ya meno akiwa msichana, kazi yake kuchemsha vyombo. Miaka ikapita, madaktari wakaja na kuondoka, yeye akabaki, mpaka akaja Dakta Suheir kutoka Khartoum, binti mwembamba mwenye maneno makali, ambaye hakupenda kukaa ofisini kungoja wagonjwa. Dakta Suheir ndiye aliyemfundisha Batuli kukagua.

"Usishughulike na jino bovu tu," alimwambia. "Jino likioza linauma, mwenyewe atakuja anakimbia. Wewe nitafutie kile kisichouma."

Basi wakawa wanatoka pamoja. Asubuhi huenda shule, na taya kubwa la plasta na mswaki mrefu kama mkono wa mtu, watoto wakigombania kulisugua. Batuli alikuwa hodari kwa watoto. Aliwaambia, "Sukari ikilala na wewe, asubuhi utaamka imeshayafanya meno yako kifungua kinywa," wakacheka, na jioni mama zao wakashangaa kuwaona wanadai mswaki. Alasiri huenda kwa wakubwa, sokoni na kwenye vibanda vya chai, na huko kazi ilikuwa nyingine. Huko alibeba tochi, vijiti vya mbao, na picha za midomo iliyoliwa na saratani.

"Sitti Batuli," mmoja alimwambia sokoni, "hao ni watu au ni kambare?"

"Walikuwa watu kama wewe."

"Basi mimi ngoja nife na utu wangu. Kunja hizo picha, unatuharibia chai."

Sasa huyu Batuli alikuwa na mume, Mirghani, fundi wa breki za mabehewa. Lakini mji haukumjua Mirghani kwa breki. Ulimjua kwa koo lake. Maulidi hayakuanza kabla hajafika. Harusi isiyokuwa naye ilisemwa imepooza. Akiinua dufu na kuanza kaswida, wanawake walioko jikoni waliacha sufuria wakaja kusimama mlangoni, na wanaume wazima walijifuta macho kwa ncha za vilemba bila kuona haya. Na kila kabla ya kuimba, Mirghani alibwia. Alisema ugoro unalainisha sauti. Ugoro wenyewe alipewa bure na ndugu yake, Khojali, aliyekuwa na duka la ugoro mkabala na lango la karakana. Duka lile lilimlea Mirghani tangu ujana. Alipitia hapo akienda kazini, akapitia tena akirudi.

Nyumbani lilikuwa jambo la mzaha. Batuli akiingia na mfuko wake, Mirghani humdaka mlangoni.

"Sitti Batuli, leo umekamata wangapi?"

"Sikamati mtu, mimi si polisi. Njoo hapa, panua."

"Mdomo huu? Mdomo huu ni wa kumsifu Mtume. Haukuumbwa uchokonolewe kwa vijiti."

"Na ugoro ndio ulioumbiwa?"

"Ugoro ni mgeni tu. Anakaa kidogo, anaondoka zake."

Batuli hucheka. Alikuwa mtu wa kumchekesha, Mirghani, na akishamchekesha, maneno humwishia. Akaenda kupika. Akasema moyoni, nitamkagua siku nyingine. Aliyekuwa akiwasimamia wanaume wa soko zima kama mwalimu na wanafunzi wake, kwa huyu mmoja alikuwa hana ubavu.

Siku moja walikwenda karakana. Mafundi walikusanywa kati ya mabehewa, mikono yao myeusi kwa grisi, na Dakta Suheir akaeleza, na Batuli akainua picha. Akatokea mpiga nyundo mmoja, jitu la miraba minne, akapaza sauti.

"Sitti Batuli! Mumeo yuko huku nyuma, shavu limemvimba kama ana yai! Anza naye huyo!"

"Mganga hajigangi!" mwingine akadakia.

Karakana nzima ikaangua kicheko. Batuli akatazama nyuma, akamwona Mirghani amesimama juu ya ngazi ya behewa, naye anacheka pamoja nao, mkono umeziba mdomo. Batuli akazikunja picha. Dakta Suheir akamaliza maneno yake peke yake.

Jioni ile Batuli hakumtayarishia mumewe kahawa. Mirghani akazunguka uani, akakohoa, akasogeza kiti, mwisho akauliza, "Umekasirika?"

"Umenicheka mbele za watu."

"Nilicheka kwa kuwa wote wamecheka. Ningefanya nini, nilie?"

Batuli akaingia ndani. Na kwa hasira ile, muda mrefu ukapita hakumtaka tena apanue mdomo. Hilo lilimtafuna baadaye kuliko yote. Alisema, kama nisingejali heshima yangu, labda ningekikuta kidonda kikiwa kidogo.

Yakaja maulidi. Mirghani aliimba mwanzo kama kawaida, kisha katikati ya ubeti akakwama. Watu walidhani amesahau, jambo ambalo halijatokea, wakampokea, naye akaendelea. Lakini Batuli aliyekuwa upande wa wanawake alisikia. Kuna herufi ambazo ulimi wa mumewe ulikuwa unazikwepa, kama mtu anayetembea na mwiba mguuni. Asubuhi akamtazama akila kisra, mkate wao mwembamba wa mtama. Alikuwa anatafuna upande mmoja. Kidonge cha ugoro, ambacho miaka yote kilikaa kushoto, kilikuwa kimehamia kulia.

Akaenda kuchukua tochi.

"Mirghani. Kaa."

Akakaa. Hakutia mzaha wowote, na hapo ndipo Batuli alipoanza kuogopa. Akapanua mwenyewe bila kuambiwa. Batuli akausogeza mdomo wa chini kwa kijiti. Ufizi wote wa kushoto ulikuwa mweupe, umekunjamana kama ngozi ya kidole kilicholoweshwa siku nzima, na katikati palikuwa na kidonda chenye kingo zilizoinuka, kimeuparamia ulimi kwa chini. Akakibonyeza kwa kidole. Kilikuwa kigumu.

"Kinauma?"

"Hapana. Ndiyo maana sikukwambia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani ipi?"

Mirghani akatazama chini. Batuli akazima tochi, akakitupa kijiti, akanawa mikono, akanawa tena.

Wakapanda treni kwenda Khartoum. Dakta Suheir aliwatangulizia salamu kwa walimu wake, na wale walifanya walichoweza. Hakuna wa kulaumiwa huko. Walimkata Mirghani taya la kushoto na sehemu kubwa ya ulimi, wakachukua nyama ya kifua kuziba pengo. Alipozinduka alimtazama Batuli, akajaribu kusema neno, na alichosikia kimetoka kinywani mwake kikamfanya ageukie ukutani.

Waliporudi, mji wote ulikuja kumpa pole. Alikaa kwenye kitanda cha kamba, kilemba kimezungushwa mpaka chini ya macho, akiitikia kwa mkono. Watu walizungumza kwa sauti kubwa, kama vile ni masikio yaliyokatwa. Khojali alikuja kila siku, akakaa miguuni pa ndugu yake, na kila alipoondoka pale alipokaa palibaki harufu ya ugoro.

Ilipokaribia safari ya zahanati kwenda tena karakana, Batuli alikuwa anapanga mfuko wake. Mirghani akanyanyuka, akakishika kile kitita cha picha, akakiweka pembeni. Kisha akajigusa kifua.

"Hapana," Batuli akasema. "Mimi sitakufanya picha."

Akatoa sauti. Kwa mtu mwingine ilikuwa mguno tu, ila Batuli alishajifunza kumsikia. Alikuwa anasema, twende.

"Watu watakutazama, Mirghani."

Akasema tena, twende, na machozi yakamtoka kwa juhudi ya kulitamka.

Karakana walipomwona anaingia, nyundo zilinyamaza moja baada ya nyingine. Mirghani akasimama mahali Batuli husimama. Akakifungua kilemba, taratibu, kama mtu anayefungua jeraha la mwenzake, mpaka uso wote ukawa wazi. Hapakuwa na wa kucheka. Yule mpiga nyundo akaegemea gurudumu akatazama ardhi.

Kisha Mirghani akafanya jambo ambalo hakumwambia hata mkewe. Akavuta pumzi, akaanza kaswida. Ilikuwa ile ambayo watu wote wa Atbara wanaijua tangu migongoni mwa mama zao. Sauti ikatoka kama maji yanayokoroma ndani ya bomba, mate yakimtiririka kidevuni, bila neno hata moja linalotambulika. Mafundi hawakustahimili. Mmoja akaupokea ubeti kwa sauti ya chini, wa pili akamfuata, wote wakaingia, wakamfunika kwa sauti zao kama watu wanaomsitiri aliyevuliwa nguo.

Mirghani akainua mkono kuwazuia. Wakaendelea. Akainua mikono yote miwili, akatikisa kichwa kwa ukali, mpaka wakanyamaza. Akauanza ubeti upya, peke yake, akaufikisha mwisho, nao wakasimama wakausikiliza ulivyo.

Siku ile vikopo vingi vya ugoro vilitupwa kwenye shimo la majivu. Wengi waliovitupa walikuwa wamenunua vingine kabla mwezi haujaandama. Wachache waliacha kabisa. Na kwa mara ya kwanza watu walianza kuja zahanati wenyewe, wakichungulia mlangoni, wakisema wanaumwa jino, kumbe hawaumwi jino.

Mirghani aliendelea kutoka na Batuli, sokoni, stesheni, hata shule za wavulana wakubwa, ingawa baadhi ya walimu walisema atawatisha. Hakuimba tena. Alisimama tu, akafungua kilemba, akakifunga. Batuli alimzoea akiwa hivyo kazini, lakini nyumbani, akifika mlangoni, alikuwa bado anangoja kumsikia mumewe akimwuliza amekamata wangapi.

Msimu wa baridi ugonjwa ulirudi, safari hii shingoni. Hawakwenda Khartoum. Alifariki asubuhi, kichwa kiko mapajani mwa Batuli, upepo wa kaskazini ukipuliza vumbi uani.

Matanga yakawekwa. Hema lilisimamishwa uchochoroni, wanaume wakajaa, wanawake wakakaa ndani, na Batuli akavishwa nguo nyeupe za eda, akaketi mkekani pembeni ya mama mkwe wake, Hajati Sittana, kikongwe aliyekuwa akihesabu tasbihi bila kusimama. Khojali ndiye aliyekuwa mwenyeji wa hema. Aliagiza kondoo, chai, sukari. Hakutaka mtu aseme ndugu yake amezikwa kinyonge.

Siku ya pili, baada ya alasiri, Batuli alikuwa amekaa vilevile alipoinua kichwa. Kulikuwa na sauti anayoijua, inatoka upande wa pili wa ukuta. *Ptu.* Kimya kidogo. *Ptu.*

"Nini hicho?" akamwuliza dada yake.

"Wanaume tu hao. Lala kidogo, mwenzetu, hujalala."

Batuli akanyanyuka, akachungulia kwenye upenyo wa mlango wa uani. Sinia la chai lilikuwa linazunguka hemani, na katikati ya bilauri, vimepangwa vizuri kwa ajili ya waombolezaji, vilikuwa vikopo vya ugoro.

Akarudi ndani, akauchukua mfuko wake uliokuwa umetundikwa ukutani. Dada yake akamdaka thobu.

"Batuli! Uko edani wewe! Unakwenda wapi?"

"Niachie."

"Utajivunjia heshima, na marehemu pia!"

"Niachie, nimesema."

Akatoka. Mjane wa siku mbili, na nguo zake nyeupe, akaingia katikati ya hema la wanaume. Waliokuwa wanazungumza wakakatiza maneno yao. Wengine waligeuza nyuso ili wasimwone. Khojali akaja mbio, mikono mbele, anamkinga.

"Shemeji, shemeji, tafadhali. Rudi ndani. Watu watasema nini?"

"Waache waseme. Panua mdomo."

"Batuli, hapa ni matangani!"

"Nduguyo niliacha kumkagua kwa kuwa alinichekesha. Wewe hunichekeshi, Khojali. Panua mdomo."

Mtu mmoja akamgeukia imamu wa mtaa, mzee aliyekaa karibu na nguzo, akamwambia, "Maulana, mwambie. Hii si desturi." Imamu akamtazama Batuli, akalitazama sinia. Akaingiza kidole mdomoni, akakitoa kidonge chake cha ugoro, akakifunga ndani ya leso. Akaketi sawasawa, akangoja zamu yake.

Basi Khojali akapanua. Machozi yalikuwa yanamdondoka, na mdomo u wazi, na Batuli akamulika kwa tochi mchana kweupe. Akaliona. Doa jeupe, limekunjamana, halijachimbika.

"Una doa," akamwambia mbele za watu wote. "Bado halijawa kidonda. Ukiacha leo, huenda likaondoka. Usipoacha, umeshaona."

Akaenda kwa imamu. Kwa imamu hakuona kitu. Akaenda kwa wa tatu. Hakuna aliyenyanyuka kuondoka. Pengine walitaka, lakini nani angethubutu kuwa wa kwanza kumpa mgongo mjane? Walipanua mmoja mmoja, wazee wenye mvi, mafundi, wachuuzi, vijana wa mpira, na sauti pekee iliyosikika hemani ilikuwa ya vijiti akivivunja na kuvitupa. Alipofika kwa yule mpiga nyundo alikaa muda mrefu. Akamulika, akabonyeza, akamulika tena. Baadaye akamgusa bega.

"Wewe usingoje matanga yaanuliwe. Panda treni ya kesho."

"Mbona hakiniumi, Sitti Batuli?"

"Najua, mwanangu."

Na mwingine, mwuza mkaa, naye Batuli akamwambia vivyo hivyo. Huyo aliinamisha kichwa kwa adabu, akasema inshallah.

Aliporudi ndani wanawake walimpisha njia kama anayebeba kitu cha moto. Wapo waliosema eda yake imeharibika, wapo waliosema huzuni imempanda kichwani, na maneno hayo yalikaa mtaani mwaka mzima. Batuli akaketi tena pembeni ya Hajati Sittana. Ndipo tasbihi ikasimama.

"Na Khojali?"

"Ana doa, mama."

Kikongwe akafumba macho. "Umemwambia aache?"

"Nimemwambia."

"Ataacha?"

"Sijui, mama."

Tasbihi ikaanza tena kwenda.

Mpiga nyundo alikwenda Khartoum. Walimkata sehemu ndogo ya mdomo, akarudi anazungumza, na akawa ndiye anayembebea Batuli taya la plasta kila wanapokwenda karakana. Mwuza mkaa alisema ataenda baada ya mavuno, kisha baada ya Idi, kisha watu wakaenda kwao kuzika.

Batuli alikaa eda yake ikaisha. Asubuhi ya kurudi kazini aliamka mapema, akawasha jiko, akapika uji mwepesi wa mtama, akauchuja kwa kitambaa mara mbili ili usiwe na hata chembe ya kumkwama mtu kooni. Alikuwa anaupoza kwa kuumimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, alipotanabahi kwamba hakuna wa kunywa uji wa namna hiyo tena ndani ya nyumba. Akaunywa mwenyewe, wote, akaosha kikombe, akatundika mfuko begani.

Njia ya kwenda shule inapita mbele ya lango la karakana. Duka la Khojali lilikuwa wazi, na wateja wamesimama. Khojali alipomwona akaweka chini kijiko cha kupimia, akatoka nje, akamsimamisha barabarani.

"Shemeji, mimi nimeacha. Wallahi nimeacha, tangu siku ile. Mwulize mama." Akatazama nyuma, wateja wake wanangoja. "Ila duka... nina watoto. Nitauza nini mimi? Sijui kazi nyingine."

Batuli alimtazama. Alikuwa amekonda, na sasa, kwa kukonda, pua na kipaji cha uso vilikuwa vya nduguye kabisa.

"Nimesikia," akasema. "Njoo zahanati Jumatatu nikutazame."

"Nitakuja."

Mteja mmoja akagonga meza kwa sarafu, akaita. Khojali akarudi dukani kumpimia, na Batuli akashika njia, kwa kuwa watoto walikuwa wameshaingia madarasani.